Ngozi ya Mafuta: Mwongozo Kamili wa Kuitunza Nyumbani, Hatua kwa Hatua

Anayelalamika kwamba ngozi yake ya mafuta haisikii dawa mara nyingi si mvivu. Anaosha uso mara tano kwa siku, anasugua kwa dodoki, usiku anapaka limau, na bado ikifika saa nne asubuhi paji la uso linang'aa na chunusi mpya zimetoka kidevuni. Juhudi zote hizo zinapigana na mafuta yaliyokwisha kutoka. Kule yanakotoka hakuguswi.

Mafuta hayo hutengenezwa na tezi ndogo zilizomo ndani ya ngozi, na zinazoziamuru ni homoni pamoja na urithi wa wazazi. Joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa nalo huyafanya yatoke kwa wingi zaidi. Sabuni haifiki huko. Inachofikia ni tabaka la juu tu, na ukilikwangua kila siku linachubuka, linawasha, na chunusi zinaongezeka.

Kwa hiyo usitafute kuyamaliza mafuta, maana hayaishi. Tafuta yatoke bila kuziba vinyweleo, uso usichubuke, na chunusi ikija iondoke bila kuacha doa.

## Andaa vitu hivi kwanza

Usianze hatua yoyote kabla ya kuwa na vitu vinavyohitajika kwenye hatua hiyo. Wengi hununua dawa ya chunusi peke yake, wanaipaka juu ya ngozi iliyochubuka, kisha wanasema dawa imewaunguza.

- Sabuni laini ya maji au ya jeli ya kuoshea uso, isiyo na manukato makali wala chengachenga za kusugulia.
- Losheni nyepesi au ya jeli. Kwenye chupa tafuta maneno yanayosema haizibi vinyweleo.
- Losheni ya kukinga jua, SPF (kipimo cha nguvu ya kinga, huandikwa kwenye chupa) 30 au zaidi.
- Dawa moja tu: asidi ya salisiliki ya asilimia 0.5 hadi 2, au benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5. Hatua ya 6 itakusaidia kuchagua.
- Vitaulo viwili vitatu laini vya uso peke yake, na foronya mbili za kubadilishana.
- Tishu za kawaida, zisizo na manukato.

Bajeti ikibana, nunua sabuni na kinga ya jua kwanza. Dawa inaweza kusubiri mwezi ujao. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu nimeona watu wakifanya kinyume, na fedha zao zikaishia kwenye seramu za bei kubwa huku uso wakiendelea kuuosha kwa sabuni ya kufulia.

## Hatua ya 1: Hakikisha kweli una ngozi ya mafuta

Osha uso kwa sabuni laini, ukaushe taratibu, kisha usipake kitu chochote kwa saa moja. Kaa ndani, mbali na jiko na jua.

Saa ikitimia, bandika kipande cha tishu kwenye paji la uso, kingine puani, kingine kidevuni na vingine mashavuni. Vyote vikitoka na alama za mafuta, ngozi yako ni ya mafuta. Paji, pua na kidevu vikitoa mafuta lakini mashavu makavu, una ngozi mchanganyiko: fuata mwongozo huu, ila dawa ya hatua ya 6 na udongo wa hatua ya 7 viishie sehemu zenye mafuta.

Ikiwa uso unavuta na kuwasha, na wakati huohuo unang'aa, hiyo mara nyingi ni ngozi iliyochoshwa na sabuni kali. Kwako anza na hatua ya 2 hadi ya 5 tu kwa wiki nne, bila dawa yoyote. Usiruke onyo hili.

## Hatua ya 2: Toa vinavyoharibu

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu ni vigumu kuamini kwamba kuacha kitu kunaweza kusaidia kuliko kuongeza.

Limau na ndimu. Ngozi yenye afya ina uasidi mdogo, pH yake (kipimo cha uasidi: namba ikishuka, uasidi unapanda) iko karibu na 5. Maji ya limau yako kwenye 2 hivi. Yanachoma, na ukitoka juani yakiwa bado usoni yanaweza kuacha malengelenge na madoa meusi ya miezi mingi. Limau liende kwenye chai na kachumbari.

Sabuni ya mche na sabuni za kuua vijidudu. Sabuni nyingi za kipande zina pH ya 9 hadi 10. Uso unabaki mkavu na mgumu kwa dakika chache, ndiyo maana mtu anadhani ametakata kweli. Kilichoondoka ni mafuta pamoja na kinga ya ngozi.

Spiriti na dawa ya meno. Zinakausha chunusi kwa juu huku zikichoma ngozi inayoizunguka. Chunusi inapona, kovu jeusi linabaki.

Dodoki, mswaki na sukari ya kusugulia. Dodoki ni la miguu na mgongo. Usoni lina kazi moja tu, kupasua vipele na kuvisambaza.

Mafuta ya nazi usoni. Kwa nywele na mwili ni mazuri. Kwa uso wenye mafuta na chunusi, huziba vinyweleo. Mafuta ya mgando hayazibi kama watu wanavyosema, ila kwenye joto letu yanakaa juu ya uso yakishika vumbi na jasho. Yaache ya midomo na visigino.

Mkorogo. Niliseme hili bila kuzunguka. Krimu zinazochanganywa kwenye vikopo visivyo na maandishi, na zile zinazoahidi kung'arisha uso kwa siku saba, mara nyingi huwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali kama klobetasoli na betamethasoni. Tanzania, Kenya na nchi nyingine za jirani zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini bado vinauzwa. Zebaki hupita kwenye ngozi na kuharibu figo. Steroidi huzituliza chunusi wiki za mwanzo, na hapo ndipo mtu anaponasa. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na chunusi zinarudi kwa wingi, nyingi zikifanana kwa ukubwa.

Onyo: kama umetumia krimu ya aina hiyo kwa miezi, ukiacha ghafla uso unaweza kuvimba na kuwaka moto. Nenda kwa daktari wa ngozi akusaidie kuiacha kwa mpango. Usione aibu; wanaona wagonjwa kama wewe kila siku.

Utajua hatua hii imefanikiwa pale ambapo ndani ya wiki moja au mbili uso umeacha kuwasha na kuchonyota unapogusana na maji. Mafuta bado yatakuwepo. Usihangaike nayo kwa sasa.

## Hatua ya 3: Osha uso mara mbili, si zaidi

Asubuhi mara moja, usiku mara moja. Ukitoka mazoezini au safarini umelowa jasho, suuza kwa maji matupu ukaushe.

1. Osha mikono kwanza. Uchafu wa mikono usihamie usoni.
2. Lowesha uso kwa maji ya kawaida au ya uvuguvugu. Maji ya moto huchubua ngozi na kuifanya iwe nyekundu au iwashe.
3. Weka sabuni kidogo kiganjani, itoe povu, kisha pakaa kwa ncha za vidole ukizungusha taratibu. Sekunde 30 hadi 60 zinatosha. Tumia muda zaidi kando ya pua na chini ya mdomo.
4. Suuza mpaka hakuna utelezi kwenye mstari wa nywele na chini ya taya. Sabuni inayobaki hapo ndiyo inayoleta vipele vya pembeni ambavyo lawama zake watu huzipeleka kwenye mambo mengine.
5. Kausha kwa kugusisha taulo. Usifute kwa nguvu.

Unapoishi kwenye maji ya kisima yenye chumvi, kama mitaa mingi ya pwani, sabuni haitoi povu vizuri na huacha utando. Weka kikombe cha maji ya kunywa pembeni usuuzie uso mwishoni. Jambo dogo, lakini tofauti yake utaiona.

Kama umepaka vipodozi au kinga ya jua nzito, usiku osha mara mbili mfululizo: ya kwanza kuondoa ulivyopaka, ya pili kuosha ngozi. Ukiosha nywele, osha uso mwisho, ili mafuta ya nywele yasibaki usoni.

Baada ya kuosha, uso unapaswa kuwa laini na mkavu kidogo, lakini usivute ukitabasamu. Ukivuta, sabuni ni kali: ibadilishe au usiku tumia sabuni, asubuhi maji tu.

## Hatua ya 4: Paka losheni, hata kama moyo unakataa

Hili ndilo linalopingwa kuliko yote. Mafuta yanayotoka kwenye tezi si maji. Ngozi inaweza kung'aa kwa mafuta huku imekauka maji, na ngozi iliyokauka hupasuka vipasuko visivyoonekana, huwashwa haraka na dawa, na kupona polepole.

Chukua kiasi cha punje moja ya mbaazi, paka uso ukiwa bado na unyevu, ndani ya dakika mbili baada ya kukausha. Tafuta losheni yenye gliserini au asidi ya hayaluroniki, zote huvuta maji. Ikiwa na niasinamaidi ya asilimia 2 hadi 5 ni bora zaidi, kwa kuwa hupunguza mng'ao na kusaidia madoa yafifie.

Msimu wa joto kali la Desemba hadi Machi, losheni ya jeli kidogo inatosha. Kipindi cha baridi cha Juni na Julai, hasa kwa walioko Arusha, Mbeya, Nairobi au Iringa, ongeza kidogo mashavuni.

Ukiona uso unateleza nusu saa baada ya kupaka, umeweka nyingi mno. Punguza kipimo kabla ya kuilaumu losheni.

## Hatua ya 5: Jikinge na jua kila asubuhi

Ngozi nyeusi haiungui haraka, lakini madoa yake ni ya kudumu kuliko ya ngozi nyeupe. Chunusi inapopona mara nyingi huacha rangi ya ziada, na jua huichochea rangi hiyo iendelee kutengenezwa. Unaweza kununua dawa zote za madoa zilizopo Kariakoo. Bila kinga ya jua utakuwa unateka maji kwa pakacha.

Kipimo: kamua mistari miwili, kwenye kidole cha shahada na cha kati, kutoka shinani hadi nchani. Hicho ni cha uso na shingo. Watu wengi hupaka robo yake, ndiyo maana hawaoni faida. Ukishinda nje, rudia kila baada ya saa mbili. Ukiwa ofisini mbali na dirisha, ya asubuhi inatosha, ila rudia kabla ya safari ya mchana.

Kama inakuacha na weupe wa majivu, tafuta ya jeli, au ile yenye rangi ya kahawia inayofanana na ngozi yako. Hii ya rangi ina faida nyingine: madini ya chuma yaliyomo huzuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao huongeza madoa kwenye ngozi nyeusi.

Kofia pana, mwavuli na mtandio vinasaidia sana na havihitaji kupakwa upya.

## Hatua ya 6: Ongeza dawa moja, na moja tu

Fika hapa baada ya hatua tano za mwanzo kwenda vizuri kwa wiki mbili angalau.

Kama shida yako ni mng'ao, vichwa vyeusi puani (vinyweleo vilivyoziba na kuonekana kama vidoti vyeusi) na vipele vidogo visivyo na usaha, chagua asidi ya salisiliki. Huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo huingia ndani ya kinyweleo na kulegeza uchafu uliogandamana.

Kama una chunusi zenye usaha au zinazovimba, chagua benzoili peroksaidi, ambayo huua bakteria wa chunusi. Asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na asilimia 10, na haichomi kama hiyo. Onyo: hufifisha rangi za nguo. Usilalie kanga unayoipenda, na tumia foronya nyeupe.

Namna ya kuanza:

1. Jaribu kidogo chini ya taya kwa siku tatu. Kuchonyota kidogo ni kawaida. Kuvimba au malengelenge ni ishara ya kuacha.
2. Wiki mbili za kwanza paka usiku mmoja, pumzika usiku mmoja.
3. Paka kwenye uso uliokauka kabisa, tabaka jembamba eneo zima linalopata chunusi. Kupaka kwenye kipele kimoja kimoja hakuzuii vijavyo.
4. Subiri dakika tano, kisha paka losheni.
5. Uso ukizoea, nenda kila usiku.

Uso ukianza kubabuka, usiongeze dawa kwa kudhani unajisafisha. Pumzika siku tatu, losheni tu, kisha rudi kwa usiku mmoja mmoja.

Mjamzito au anayenyonyesha amuulize daktari au mfamasia kabla ya dawa yoyote ya uso. Adapaleni na dawa nyingine za jamii ya vitamini A hazifai kwenye ujauzito. Asidi ya azelaiki ndiyo hutumika mara nyingi badala yake.

## Hatua ya 7: Vya jikoni na vya kibibi, vipi vibaki?

Sitaki kuvifukuza vyote, maana vingine vina thamani.

Udongo mweupe wa kaolini hufyonza mafuta ya juu. Mara moja kwa wiki, changanya na maji, paka, na uoshe baada ya dakika kumi, kabla haujakauka ukapasuka. Ukiuacha ukakauka kabisa unaanza kunyonya unyevu wa ngozi.

Liwa, yaani msandali, kama wanavyosaga kwenye jiwe na maji ya waridi kule Unguja na Pemba, hutuliza watu wengi na inafaa kutumika namna hiyohiyo kama udongo. Jaribu kwanza chini ya taya, kwa kuwa vitu vyenye harufu huwasha baadhi ya ngozi. Singo, ule mchanganyiko wa kusugulia mwili, ni nzuri mno, lakini si ya uso; chenga zake ni kali kwa uso wenye chunusi.

Shubiri freshi: kata jani, lisimamishe mpaka utomvu wa njano utoke wote, ndipo uchukue ute mweupe wa ndani. Utomvu ule wa njano unawasha. Asali mbichi dakika kumi haina madhara kwa wengi. Manjano hutia rangi uso na foronya kwa faida ndogo. Mimi naiacha kwenye mchuzi.

## Hatua ya 8: Mchana na vinavyokugusa usoni

Uso ukianza kung'aa, bandika tishu, bonyeza, ondoa. Usifute na usirudie sabuni.

Mafuta ya nywele yakishuka kwenye paji huleta vipele vya mstari wa nywele. Paka mbali na uso, na ufunge kitambaa unapolala. Helmeti ya bodaboda inashirikiwa na abiria wote wa siku. Tanguliza kitambaa safi cha pamba. Futa kioo cha simu. Badilisha foronya kila wiki, mara mbili kwa wiki kama unatoka jasho sana. Usikamue chunusi, hata ile inayokutazama kabla ya harusi.

Kuhusu chakula: hakuna ushahidi mzuri kwamba mafuta ya chipsi yanatoka moja kwa moja usoni. Soda, sukari nyingi na, kwa baadhi ya watu, maziwa ndivyo vinavyohusishwa zaidi na chunusi. Kunywa maji mengi ni kwa afya yako. Hakupunguzi mafuta ya uso.

## Utegemee nini, na lini

Wiki ya kwanza na ya pili uso unatulia: hauchonyoti wala kuvuta. Kufikia wiki ya nne, mng'ao unachelewa, labda saa saba badala ya saa nne, na vichwa vyeusi vinapungua. Chunusi mpya hupungua kwa kuonekana kati ya wiki ya nane na ya kumi na mbili. Madoa ni ya mwisho, miezi mitatu hadi sita, na yale ya ndani zaidi huchukua muda mrefu kuliko huo.

Piga picha dirishani, saa ileile, mara moja kwa wiki mbili. Kioo cha kila siku kinakatisha tamaa kwa sababu hakioneshi tofauti ndogo.

## Wakati wa kwenda kwa daktari

Usingoje wiki kumi na mbili zimalizike ukiona haya:

- Uvimbe mkubwa wenye maumivu chini ya ngozi, au mashimo na makovu yaliyoinuka.
- Vipele vidogo vinavyofanana, vinavyowasha, kwenye paji, kifua na mgongo. Mara nyingi ni fangasi, na dawa ya chunusi haivigusi.
- Magamba ya mafuta kando ya pua, kwenye nyusi na kichwani.
- Chunusi za ghafla pamoja na hedhi inayoruka au ndevu kuota kwa mwanamke. Hapo homoni zipimwe.
- Uso uliozoea mkorogo na sasa unawaka kila ukijaribu kuuacha.

Madaktari wa ngozi wapo kwenye hospitali kubwa za rufaa na baadhi ya hospitali za mikoa. Kule Moshi, hospitali ya rufaa ya KCMC ina kituo cha kanda kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu miaka ya 1990, na wahitimu wake wamesambaa nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo uliza hata ukiwa mbali na mji mkuu.

Siku ya kwenda, usipake kitu usoni. Weka kwenye mfuko kila chupa, kopo na krimu uliyotumia miezi sita iliyopita, hata kile kikopo kisicho na jina ulichouziwa saluni, na umpe daktari vyote avione kabla hajakuandikia dawa nyingine.